Jina la Ukoo

Karani wa vitambulisho, pale Temeke,
ameinua kalamu, anasubiri.
"Jina la ukoo?"
Bevilakwa.
"Kabila gani hilo?"
Foleni nyuma yangu inacheka kidogo.
Nasema: watu wa Keko Machungwa.
Na si uongo.

Babu alikuwa fundi wa terazo.
Alimwaga sakafu Upanga, Kisutu, Gerezani,
vipande vya marumaru ndani ya saruji,
akazisugua kwa jiwe hadi mtu ajione uso.
Alipanga chumba kwao Bibi Sikudhani,
akamwachia mimba, mwiko wa chuma
na herufi kumi.
Mwaka wa uhuru hakuwepo tena.
Alisema anafuata rangi ya sakafu Mombasa.
Rangi hiyo bado inanunuliwa.

Herufi kumi zikapita mikononi mwa makarani.
C ilidondoka kwenye cheti cha ubatizo.
Q ilifia darasa la kwanza:
Mwalimu Mbilinyi alisema Kiswahili hakina mdudu huyo,
akaifuta kwa kiganja.
Baba tulimzika Kinondoni akiwa Bevilaka.
Shangazi Ziada ni Beviraka, kadi ya kliniki inashuhudia.
Mimi nimepata W, sijui ilitokea wapi,
nimeipokea.

Miaka yote sikujua maana.
Majina ya mtaani kwetu husema yenyewe:
Masika alikuja na mvua,
Chausiku na giza,
na bibi yangu, nani alimdhania?
Langu lilikuwa bubu,
mgeni aliyekaa sebuleni bila kusalimu.

Hadi Sista Ornella wa zahanati, kule Msimbazi,
aliposoma faili langu
akacheka, miwani ikateleza puani.
"Bevi, kunywa. L'acqua, maji.
Binti, wewe ni Mnywamaji!"
Akasema kwao wamejaa, kaskazini hadi kusini,
si kama akina Rossi, wale wekundu,
ambao ukirusha jiwe sokoni humkosi mmoja,
lakini wamejaa.
Akasema zamani lilikuwa jina la utani.
Wengine hudai alibandikwa mtu asiyegusa divai.
Wengine hudai ni kejeli tupu,
alibandikwa mlevi
ambaye maji aliyajua kwa kunawia tu.
"Ipi kweli, Sista?"
Akainua mabega, akanidunga sindano.

Bibi nilimkuta anapepeta mchele.
"Kunywa maji?" Akaweka ungo chini.
"Yule? Yule alikuwa akipiga maji!
Tena ya mnazi, kwa Kidege wa Mtoni,
akirudi anashika kuta kama anazipima.
Aliyewapa jina hilo aliwajua."
Tulicheka hadi kuku wakahama uani.
Kisha akanyamaza.
Kisha, akiokota chuya moja moja:
"Lakini asubuhi aliomba maji.
Ya mtungini. Kata mbili.
Alikunywa amefumba macho,
utadhani anasali."

Foleni inasogea. Karani anataka herufi moja moja,
na ninapomtajia nahesabu:
mji mzima huu tuko saba,
sote maji ya kunde,
mmoja jeshini, mmoja anauza vocha Mbagala,
wawili bado wananyonya.
Ukoo usiojaza benchi mbili za mama lishe.

Keko bomba limekauka, leo siku ya nne.
Alfajiri kijana wa mkokoteni hupita na madumu ya njano,
"Maji! Maji haya! Maji!"
nami hugeuka kitandani
kama niliyeitwa.

"Bevilakwa, Salvina," karani anasoma kwa sauti,
anaonja neno, anatabasamu.
"Ndivyo?"
Ndivyo, namjibu,
na koo limenikauka.